Damu ya Sifuri

Sinda alinipigia simu nikiwa juu ya ngazi, nabishana na fundi wa paa. Huwa ananipigia msimu wa alizeti kuniuliza kama nahitaji mafuta, kwa hiyo nilipoona jina lake nikamjibu juu juu, mdogo wangu nitakupigia baadaye, kuna mtu hapa ananiharibia bati. Akasema, "Kaka, mama ametutoka. Alfajiri ya leo." Nikashuka. Fundi akaendelea kugonga misumari mahali pasipohitaji msumari, nikamwacha agonge. Neno la kwanza lililonitoka, na naliandika kama lilivyotoka, halikuwa la sala wala la kilio. Nilisema, "Huyu mama jamani!" Ndivyo nilivyokuwa nikisema mwaka mzima niliokaa nyumbani kwake Ihanja, mwaka ambao nusura anikoseshe shahada, nusura niitwe mwizi, na mpaka leo nikiukumbuka kichwa kinaanza kuuma upande mmoja. Nimemlilia Mama Sinda, nimemlilia sana, lakini mtu asiniambie nimsimulie kwa upole. Maishani mwangu hakuna aliyewahi kuniudhi kama yeye.

Sitaanza na nilikozaliwa wala nani alinilipia ada. Inatosha kusema mimi ni Mnyiramba wa Ulemo, nilikuwa kijana niliyejiona nimesoma, na chuo kilinipeleka Ihanja, kwa Wanyaturu, kupima jinsi wanawake waliotoka kujifungua wanavyotengeneza damu upya. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri na bado naipenda. Ndani ya kila seli nyekundu ya damu kuna protini iitwayo himoglobini, ndiyo inayobeba hewa. Kujua mtu anayo kiasi gani ni rahisi, zahanati yoyote inapima. Kinachosumbua ni kujua ipi imetengenezwa wiki hii na ipi ni ya miezi iliyopita, kwa sababu zote zinafanana. Basi unamlisha mtu kiungo kimoja ambacho mwili hukitumia kujengea protini hiyo, kinaitwa glisini, ila naitrojeni iliyomo ndani yake umeichagua ile nzito kidogo kuliko ya kawaida. Haina sumu, haina mionzi, mwili hauoni tofauti. Tofauti inaonwa na mashine inayopima uzito wa molekuli. Himoglobini iliyojengwa baada ya mtu kuanza kula unga ule inatoka na uzito wa ziada, ya zamani haina, na wewe unajua damu mpya ni kiasi gani. Jambo moja tu niliombwa nilihakikishe, na lilikuwa jepesi kuliko yote: kila mwanamke ale unga wake mwenyewe.

Niliyaeleza haya kwenye mkutano wa kijiji nikiwa nimevaa shati la mikono mirefu katika lile jua. Nilikuwa nimetayarisha mfano wa nyumba. Nikasema mwili ni nyumba ambayo kila siku tofali moja linabomoka na jingine linawekwa. Ukitazama ukuta hujui lipi la jana, lipi la mwaka juzi. Sasa tukimpa fundi matofali yenye alama kuanzia leo, baada ya miezi michache tutahesabu yenye alama na kujua amejenga kiasi gani. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mstari wa mbele alikaa mwanamke mrefu, mweupe viganja kwa kukosa damu, na mtoto mchanga akinyonya. Alikuwa amejifungua kitinda mimba wake na kupoteza damu nyingi mpaka wakamkimbiza Singida mjini. Huyo ndiye Mama Sinda. Akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hilo tofali lenye alama, linajenga au halijengi?"

"Linajenga, mama. Kama matofali mengine."

"Basi ni dawa."

"Siyo dawa, mama. Ni alama tu."

"Alama iko kwenye tofali," akasema, akimhamishia mtoto titi la pili. "Na tofali umesema linajenga."

Watu wakacheka. Mimi nikarudia tangu mwanzo, taratibu, kwamba unga hauongezi damu, kwamba anayeula na asiyeula watapona sawasawa, kwamba vidonge vya madini ya chuma vitakavyotolewa pale zahanati ndivyo vya kuongeza damu, ila huu unga ni wa kupimia. "Nimekusikia, mwanangu," akasema. Siku hizi nina watoto na nimeisikia tena sauti ile kwa mama yao, sauti ya mwanamke ambaye ameshaamua na sasa anakuhurumia tu uendelee kuongea. Wakati ule sikuijua. Niliandika kwamba jamii imeelewa.

Wakanitafutia pa kulala, na kwa kuwa Mungu naye anapenda mzaha, ikawa kwa Mama Sinda. Walikuwa na nyumba mpya ya tofali za kuchoma na bati, na nyuma yake ile tembe ya zamani yenye paa la udongo, ambayo walikuwa wameigeuza jiko. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, kimejaa magunia ya alizeti mpaka dirishani, na dirisha lenyewe lilitazama jikoni. Nilinukia alizeti mwaka mzima. Shati, vitabu, mpaka mswaki. Upepo wa kule ukianza kuvuma mwezi wa sita unaingia chini ya bati na kutoka na usingizi wako, na mimi nalala nasikiliza magunia yakichezewa na panya. Baba Sinda alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalihusu ng'ombe. Chakula kilikuja kimefunikwa: ugali wa uwele au mtama na mlenda, kesho yake mlenda na ugali, Jumapili kuku kama kuna mgeni mwingine zaidi yangu. Asubuhi uji. Kililetwa na mtoto, kikaliwa sebuleni, vyombo vikaondoka. Jikoni sikuwahi kukanyaga. Mwanamume mgeni haingii jikoni kwa watu, hata kwetu Ulemo ni hivyo, na sikuwahi kufikiri kwamba utafiti mzima ungeangukia kwenye hizo hatua chache nisizoruhusiwa kuzipiga.

Pakiti za unga niligawa kila wiki. Kila mama alichukua zake, akakoroga moja kila asubuhi kwenye uji wake au maji, akanirudishia pakiti tupu. Na zilirudi tupu, safi, nyingine zimeoshwa. Mama Sinda alizikunja vizuri na kuzifunga na uzi. Nilimtaja kwa profesa wangu kama mfano wa mshiriki bora. Kila baada ya muda tulikutana zahanati, nesi akatoa damu, mimi nikapanga mirija kwenye kasha la barafu na kukimbilia basi la Singida, mpaka mtaa wa Mandewa nilikokuwa nimepanga chumba chenye friza. Mwenye nyumba wa Mandewa alitaka kujua kwa nini friza halina nyama. Watoto wa Ihanja waliniita Bwana Sindano, wazee waliniita daktari, na nilipokataa udaktari waliona ni unyenyekevu, wakazidi kuniita.

Tulihitaji pia damu ya mtu asiyekula unga. Hata chakula cha kawaida kina naitrojeni nzito kidogo sana, na kiasi hicho hubadilika kufuatana na watu wanakula nini, kwa hiyo ilibidi apatikane mtu anayekula chakula kilekile cha kijiji, sufuria ileile ikiwezekana, ila hagusi unga. Nani tena? Nikajitolea. Kila damu ilipotolewa nesi alinichoma na mimi, na mrija wangu nikauandika sifuri. Nilijivunia sifuri ile. Niliona ni jambo la kishujaa, mtafiti anayejitoa damu kwa ajili ya sayansi, na nilimweleza Mama Sinda jioni moja akipembua mtama uani. Nikamwambia ndiyo maana nakula chakula chenu, mama, ili damu yangu ifanane na yenu isipokuwa kwenye ule unga. Akaniuliza, "Kwa hiyo wewe hupewi?" Nikasema mimi sipewi. Akaupuliza mtama, makapi yakaruka. "Masikini," akasema. Nilidhani anasema kuhusu mtama.

Masika nikaugua malaria, ile ya kukulaza kweli. Nesi alinipima wingi wa damu akaguna, akanipa dawa, nikarudi kulala kati ya magunia nikiwa na rangi ya majivu. Siku zile zilikuwa za kusikiliza tu. Kupitia dirisha nilimsikia Mama Sinda na jirani yake Mama Neema, naye mshiriki wa utafiti, wakizungumza jikoni kwa Kinyaturu, mimi naambulia neno moja moja. Nilisikia jina langu. Nikasikia wanabishana, halafu wanacheka kidogo, halafu kijiko kinagonga kikombe muda mrefu kuliko uji unavyostahili. Homa ilikuwa inanipandisha na kunishusha na sikujali. Uji ukaja. Ulikuwa mtamu.

Naomba nieleweke hapa, maana ndipo hasira yangu ilipo. Nyumba ile haikuwa na sukari. Sukari ilionekana siku mchungaji akija, ikatoka kwenye mkebe uliofungwa kwa kitambaa na kurudi mkebeni. Mimi nimesoma. Mimi ndiye niliyeandika kwa mkono wangu kwamba glisini ni unga mweupe wenye ladha tamu. Na mimi, asubuhi baada ya asubuhi, nilikunywa uji mtamu katika nyumba isiyo na sukari, nikalamba kikombe. Nilimwuliza siku moja tu: "Mama, sukari mnatoa wapi?" Akajibu, "Wewe kunywa, upate nguvu. Uji hauulizwi maswali." Nikaona ni ukarimu wa Wanyaturu, nikampigia mama yangu mzazi simu kumsifia. Nikapona haraka, nikanenepa mashavu, kazi ikaendelea, pakiti zikarudi tupu na uzi wake.

Mwisho wa mwaka mirija yote ikasafirishwa, na mimi nikarudi chuoni kusubiri. Majibu yalichukua muda. Yalipokuja, profesa wangu aliniita ofisini. Ni mwanamke asiyepandisha sauti, na siku hiyo pia hakupandisha. Alikuwa ameweka mbele yake karatasi yenye mistari ya rangi, kila mstari ni mtu, unavyopanda ndivyo alama ilivyozidi kwenye himoglobini yake. Mingi ilikuwa imepanda kama tulivyotegemea. Mmoja ulipanda kidogo halafu ukalala chini, ukabaki umelala: Mama Sinda. Na mmoja ulikaa chini kabisa tangu mwanzo, kisha katikati ya masika ukainuka na kuipita yote.

"Huyu nani?" akaniuliza.

Nikasoma. "Sifuri."

"Sifuri ndiye nani, Mkumbo?"

"Ni mimi, profesa."

Akavua miwani. "Kuna njia mbili. Ama umechanganya mirija, na kama umeichanganya hakuna namba hapa ninayoweza kuiamini. Ama umekula unga wa washiriki. Nieleze ni ipi, maana zote mbili mwisho wake ni mmoja." Nilijaribu kusema. Nikasema labda mashine. Akasema mashine ilipima mara tatu. Nikasema labda maabara. Akasema, "Nenda nyumbani. Rudi ukiwa na maelezo, na kama huna, usirudi." Nilitoka pale. Nilikuwa mtu wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu, kanisani Ulemo walikuwa wanaombea masomo yangu kila Jumapili, na sasa nilikuwa nakwenda kuwaambia nimefukuzwa kwa kudokoa unga wa akina mama wazazi.

Sikwenda Ulemo. Nilipanda basi mpaka Ihanja, na njia nzima nilikuwa nazipitia zile asubuhi. Kikombe kwa kikombe. Nadhani nilipofika kwenye mawe makubwa ya Singida nilikuwa nimeshajua, ila nilikataa kujua, kwa sababu nilihitaji mtu aniambie siyo. Nilimkuta jikoni. Nikaingia, kwa mara ya kwanza, bila kubisha, nikiwa na viatu vyangu vya chuoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Toka huko, moshi utakuumiza macho."

"Mama, unga wangu uliufanya nini?"

Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kusonga ugali, anageuza mwiko kwa mikono miwili, jasho linamtoka. "Ule wa damu? Si nilikupa."

"Ulinipa mimi?"

"Ulikuwa huna damu. Nesi mwenyewe alisema, nilimsikia. Umelala pale kama kitambaa. Ningefanyaje?"

"Mama, ule ulikuwa wako!"

"Ndiyo, wangu. Ningekupa wa Mama Neema?" Akaegemeza mwiko. "Mama Neema alitaka tuchanganye, siku moja wake, siku moja wangu. Nikakataa. Ana mtoto mdogo kuliko wangu."

Hapo nikapoteza adabu. Nilimwambia mara ngapi siyo dawa? Nilisimama mbele ya kijiji kizima, nikatoa mpaka mfano wa nyumba! Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeanguka kwa kukimbia baada ya kukatazwa. "Ulisema linajenga," akasema. "Tofali lenye alama linajenga kama mengine. Ulisema wewe." Na jambo linalonikera mpaka leo ni kwamba nilisema kweli. Glisini ile ilikuwa glisini halali, mwili wangu uliichukua na kuijengea. Isitoshe malaria ilikuwa imeniharibia damu nyingi, uboho ndani ya mifupa ukawa unatengeneza mpya kwa kasi, na unga aliokuwa akinikorogea ukaingia kwa wingi kwenye himoglobini. Ndiyo maana mstari wangu uliwapita wote. Si kwamba ule unga uliniponya. Dawa ya nesi ndiyo iliyoniponya. Lakini hebu kamweleze hivyo mwanamke mwenye mwiko mkononi.

Wazo baya likanijia. "Na vile vidonge vya chuma? Navyo ulinipa?"

"Vile nilimeza mwenyewe," akasema. "Vina ladha mbaya kama msumari. Ningempa nani?"

Nilikaa kwenye kigoda. Nilijisikia kucheka na kulia, vyote vikakataa kutoka. Nikamwambia kinachonisubiri chuoni, kwamba nitaitwa mwizi. Ndipo alipoacha ugali. Akafuta mikono kwenye khanga, akasema, "Mpigie huyo mwalimu wako." Nikamwambia haiwezekani, profesa hapigiwi hivi hivi. Akanyoosha mkono akasubiri simu. Nikapiga. Profesa alipopokea nilimwamkia, nikaanza kueleza, na Mama Sinda akaniondolea simu sikioni.

"Hujambo, mwalimu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde. "Mimi ndiye niliyekuwa nampa huyu kijana ule unga. Kwenye uji. Hakujua. Sasa kama ni mwizi, mwizi ni mimi." Akasikiliza. "Kwa sababu alikuwa mgonjwa, mwalimu. Wewe umemtuma mtoto wa watu huku peke yake, hana nyama mwilini, mama yake yuko mbali. Akinifia humu ndani ningemwambia nini mama yake? Kwamba nilikuwa na unga wa damu nikala mwenyewe?" Akasikiliza tena, muda mrefu. Nilimwona anakunja uso. Kisha akasema, "Haya. Asante," na kunirudishia.

Profesa aliniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba ananiamini, kwa sababu uongo wa namna hii hakuna mwanafunzi anayeweza kuutunga. La pili, kwamba sasa hana budi kujua ni wangapi wengine. Nikazunguka nyumba kwa nyumba siku zilizofuata, na heri nisingezunguka. Mmoja alikuwa akimpunguzia mama mkwe, kwa sababu kitu kitamu hakiliwi nyumba ya wakwe kwa kujificha. Mwingine alimwekea mumewe, ambaye alikuwa hajajifungua kitu. Mama Neema alikuwa amekula wake wote, na aliona aibu kukiri hilo kwangu kama vile ndiye aliyekosa. Mwaka mzima wa kazi, mirija yote ile, safari zote za Mandewa na kasha linalovuja kwenye mapaja. Ilibidi turudie na pakiti chache zilizobaki, kwa akina mama wachache, na safari hii kila mmoja akinywa mbele yangu mpaka namwona koo linashuka. Nilimaliza shahada nyuma ya wenzangu wote. Nilimaliza, lakini.

Kabla ya kuanza upya nilimwonyesha Mama Sinda ile karatasi yenye mistari. Nilitaka aone alichokiharibu. Sina sababu nyingine nzuri. Tulikaa uani, mtoto akicheza kati yetu. Nikamwonyesha mstari uliolala, nikasema huu ni wewe. Nikamwonyesha ule uliopanda, nikasema huu ni mimi. Nikamwambia, tazama mahali wako unapoacha kupanda, ndipo wangu unapoanza. Akaufuata kwa kidole, kidole kirefu chenye unga wa mtama.

"Huyu aliyepanda ndiye wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Umewapita wote hawa?"

"Nimewapita."

Akakirudisha kidole mapajani, ameridhika kabisa. "Basi ulifanya kazi," akasema.

Nilipumua kwa nguvu mpaka mtoto akashtuka. Nikamwambia kwamba safari hii hatakuwemo kwenye utafiti, kwamba mistari yake na yangu tumeifuta, ndivyo kanuni inavyotaka. Sikutegemea kitu. Nilidhani atasema haya, mwanangu, na kwenda kutazama kuku. Badala yake alimwinua mtoto na kumpangusa magoti yasiyo na vumbi. "Umenifuta," akasema. "Kwa hiyo damu yangu haihesabiwi." Nikasema siyo hivyo, mama, ni kanuni tu, tunahitaji watu waliokula unga wao. "Nimekusikia," akasema. Nilikuwa na shahada moja na nusu wakati ule, nikaikunja ile karatasi na kuitia mfukoni. Kila niliposafiri kwenda Singida baada ya hapo nilipita kwake, miaka yote hii, na kila mara nilikuta uji au chai, na kila mara ilikuwa tamu kupita kiasi, na kila mara nililalamika, naye hakuwahi kulirudia neno lile.

Nilifika Ihanja siku ya maziko. Tembe ile ilishabomoka, jiko jipya lina bati. Kile chumba changu kilikuwa na magunia bado. Sinda alinikumbatia, naye ana mvi sasa, na yule kitinda mimba aliyekuwa akinyonya mkutanoni alikuwa akipanga viti kwa wageni, mwanamume mwenye ndevu. Tulipotoka makaburini nikakaa na wazee, na mke wa Sinda akaja na sinia la vikombe vya chai. Wengine aliwaachia wachukue wenyewe. Changu alikishika yeye, akanipa kwa mikono miwili. Nilionja, nikakirudisha.

"Shemeji, nisamehe. Daktari amenikataza sukari. Nina ugonjwa wa sukari, nameza vidonge kila siku. Nipe chai kavu, bila sukari."

Akasimama pale na sinia lake, hajui afanye nini. "Shemeji, mama aliniachia maneno," akasema kwa sauti ya chini. "Akiwa bado anaongea vizuri. Alisema Mkumbo akija msimpe chai kavu. Alisema yule hana damu."

Mimi! Mwenye kitambi hiki, shingo hii, mtu ambaye daktari wangu ananiambia nipunguze kila kitu isipokuwa maji! Nilitazama upande wa kaburi nikiwa tayari kugomba, kama kawaida yetu, na hapakuwa na wa kugombana naye. Wazee walikuwa wananitazama. Nikakichukua kikombe, nikanywa mpaka chini, sukari yenyewe imejikusanya pale haijayeyuka, na nikamwomba shemeji kijiko.